Betri Ulizozilaza, Baba

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo halafu nikanyanyuka kwenda dirishani, kana kwamba marahaba yako ingetokea barabarani. Tangu utuache sikai mahali nikatulia. Nafagia ua uliokwisha kufagiliwa, naonja mboga mara tatu, natoka, naingia. Mama anasema kuna siafu wamenipanda miguuni. Leo nimejilazimisha kukaa, maana linalonisumbua ni jambo lako, na hapa Pasiansi sijui nani mwingine angelielewa.

Redio yako iliharibika, Baba.

Nikueleze ilivyokuwa. Ulipofariki, baba mdogo alikwenda mjini kupeleka tangazo la kifo redioni ili ndugu wa Magu na wa Ukerewe wasikie. Jioni tukaitoa redio uani, tukatia betri alizoleta ndugu yangu Masanja, maana hakuna aliyethubutu kugusa kopo lako la betri. Watu wote wakanyamaza. Msomaji akalitaja jina lako kwa sauti ileile aliyosomea majina ya watu wengine siku zote, wale uliokuwa ukiwasikiliza umeinamisha kichwa na kusema, "Poleni jamani," kana kwamba wafiwa wanakusikia. Safari hii wafiwa tulikuwa sisi. Akamtaja Mama, akamtaja Masanja, akanitaja mimi. Mama akapiga yowe. Mtu mmoja akaizima redio, mwingine akaifunika kitenge, kwa kuwa nyumba yenye msiba haipigi redio, na kilio kikaendelea.

Betri zikabaki ndani.

Nani angezitoa? Kazi hiyo ilikuwa yako tangu nipate akili. Taarifa ya habari ikiisha, uliigeuza redio kifudifudi, ukafungua kifuniko, ukazitoa moja moja, ukazifuta kwa kipande cha shati lako la kiwandani. Kisha ukaziweka kwenye lile kopo la maziwa ya unga, juu ya tofali, karibu na mtungi wa maji ili zipate ubaridi, lakini si karibu mno zikapata unyevu. "Ng'ombe akitoka shamba huvuliwa nira," ulisema. Mama akauliza kutoka jikoni, "Zimelala?" Nawe ukajibu, "Zimelala." Hapo ndipo chakula kilipoletwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila nyumba hufanya hivyo kabla ya kula, kama vile kunawa mikono.

Unakumbuka tulivyopanga foleni duka la ushirika kwa ajili ya betri? Majirani waliziuma kwa meno, wengine walizichemsha. Wewe ulizianika juani zile za kwishakwisha tu, tena ukikaa nazo kama mtu anayelinda dagaa wake wasiliwe na kunguru. Jua, ulisema, linaipa betri nguvu ya kilevi, ikipoa inaanguka. Na kuchanganya kuukuu na mpya hukutaka hata kusikia. "Mzee atamchosha kijana, na kijana atamuua mzee."

Halafu mambo yakawa ruksa, bidhaa za nje zikajaa madukani. Kiwanda kikapunguza watu, ukarudi nyumbani na shati lako. Masanja akaweka meza ya biashara Mkuyuni, betri za kutoka nje, za kila rangi. Siku aliyokuletea zake alikuwa anacheka kwa furaha. "Baba, siku hizi unatumia, unatupa. Ni ruksa!" Wewe ukamwuliza, "Na kuvuja, ni ruksa?" Ukamrudishia mkononi. Alicheka tena, lakini nilimwona alivyozitia mfukoni.

Basi zikavuja, Baba. Matanga yalianuliwa, Mama akakataza kitenge kisiguswe. Masika ikaja, ikapita. Siku aliponiambia niifunue nilifungua kifuniko nikakuta unga mweupe umetapakaa, na springi zimeliwa na kutu ya kijani. Mama alichungulia, akaingia chumbani. Tangu hapo, saa ya habari ikifika, alikuwa anakaa kwenye kiti chake akiitazama rafu ya redio, mikono mapajani, mpaka muda upite. Hakuomba kitu. Afadhali angelia! Mimi nilikuwa nazunguka nyuma yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Masanja aliposikia, alikuja akaichukua. Akakaa na fundi mwenye meza jirani na yake, wakasugua kwa msasa, wakabadilisha springi. Akairudisha na betri mpya, akaziweka mezani kwa mikono miwili, kwa adabu. Mama akasema, "Hizo ziweke kando, mwanangu." Wala hakusema kwa hasira. Masanja akatoka akakaa kizingitini.

Zikabaki zile mbili za kwenye kopo. Ulizilaza mwenyewe jioni ya mwisho, kabla hatujakupeleka hospitali. Mama aliniambia wazi: "Baba yenu ndiye aliyeziweka pale. Zisiguswe." Nami nikawa siishi kwa amani. Kila asubuhi nilikwenda kwenye mtungi kuchota maji nisiyoyahitaji, nikafunua kopo, nikapitisha kidole kuona kama zimeanza kutoa jasho. Maana wewe ndiye uliyenifundisha: "Betri hata ikilala, inazeeka. Akiba ya betri si akiba ya mtama." Niliona zinakufa pale pale, kimya kimya, nasi tunazitazama kwa heshima. Nilikuonea uchungu. Nilimwonea uchungu Mama zaidi.

Jana jioni, Masanja akiwa amekuja tena na kukaa kizingitini, nikashindwa. Nikamwambia, "Mama, zikifia kwenye kopo, Baba atakuwa amemhifadhia nani?"

Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake akainuka, akaenda mwenyewe kwenye mtungi, akaja na kopo amelikumbatia. Akazitia yeye mwenyewe. Moja aliitia kinyume, Masanja akasogea akaigeuza, na Mama akamwacha aigeuze.

Ikakoroma kwanza. Halafu sauti ikatoka, nyembamba, ikashika. Habari za pamba, habari za mvua, mambo ambayo ungeyabishia. Mama alilia toka mwanzo mpaka mwisho, lakini hakuinuka kitini. Taarifa ilipoisha niliigeuza redio kifudifudi, nikazitoa, nikazifuta kwa shati lako, nikazirudisha kwenye kopo. Mama alikuwa ameshaingia jikoni. Nikasikia sufuria, halafu nikasikia:

"Zimelala?"

Baba, nilitaka kujibu. Nilisimama na kifuniko mkononi.

Masanja ndiye aliyejibu, pale kizingitini, bila kugeuka. "Zimelala, Mama."

Na chakula kikaletwa.

Zitaisha, najua. Sauti tayari ni ya mgonjwa, na sitazianika ili nizidanganye. Nakuahidi hivi: siku zitakapoisha nitazitoa zote mbili kwa pamoja, na tutatia za Masanja, mwanao, nazo zitatolewa kila jioni, zifutwe, zilazwe juu ya tofali lako. Nadhani ndivyo ulivyokuwa ukimwambia, kwamba hata zake zinafaa zikitunzwa, ila hakuna kati yenu aliyemsikia mwenzake.

Nimekaa mpaka hapa bila kunyanyuka. Pumzika, Baba. Kopo ninalo mimi.

Mwanao,
Kabula