Beer ya Wote, Ploti ya Haji Abdisamad

Jumatatu, 6 Machi 1995

Idi imepita, mifupa ya mbuzi imebaki uwanjani. Leo Haji Abdisamad, mwenye nyumba wetu, alikuja kukagua mabomba. Na mimi na mdomo wangu huu! Nikamwambia uwanja ulio baina ya maghorofa yake mawili ni aibu. Matairi, makopo, kinyesi cha mbuzi. Akaniuliza, si wewe ndiye unayechora ramani ofisini? Nikasema ndimi, lakini nachora vyoo vya shule. Mwaka wa nne sasa, choo baada ya choo. Akacheka mpaka ndevu zake za hina zikatikisika.

Kumbe mwenzangu ana mpango wake: amwage kokoto hapo, malori yake yapate pa kulala. Lakini akasema kama naweza kumtengenezea bustani ya wapangaji wote, yenye maana, si ya picha tu, atangoja. Mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini na nne. Ikishindikana, kokoto.

Nyumba kumi na sita, bustani moja, jua la Garissa. Hani, umejitia kitanzi mwenyewe! Lakini nimefurahi, sitaki kusema uongo. Maisha yangu yote sijachora kitu ambacho watu watakikalia bila kuziba pua.

Jumatano, 8 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema nina homa. (Mola anisamehe. Ni homa ya bustani.) Nimekaa kwenye ngazi kutwa nzima na penseli, nafuata kivuli. Asubuhi mikeka yote iko upande huu, alasiri yote imehamia ule. Saa sita mchana hakuna mtu, ila mbuzi mweupe wa Ayeeyo Lul.

Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali, na Ayeeyo Lul ni nyanya wa ploti nzima. Anakaa chini, mlango wa kwanza. Ukame ulimmalizia kundi lote huko Hadado. Akabaki na huyo mbuzi mmoja, ndio akaja naye mjini kwa mwanawe. Nilimwonyesha mchoro wangu: nyasi katikati, maua, benchi. Akaushika juu chini. Akautazama kitambo.

"Wewe nabanda miti," akasema, "mbuzi nakula miti, mimi nakunywa masiwa. Haye. Iko shida gani?"



Jumamosi, 11 Machi

Koplo Nzioka wa ghorofa ya pili, polisi, Mkamba, mtu wa utani, amenivunja moyo kwa swali moja tu: maji je? Kweli. Bomba linatoka mara mbili kwa wiki, tena linakohoa kwanza. Nyasi gani hizo? Mchoro nimeuchana.

Halafu ikaadhiniwa adhuhuri. Milango ikafunguka, kila mtu akatoka na kibirika chake, wakachutama kwenye vizingiti kutawadha. Maji yakachuruzika vumbini, yakapotea. Nikasimama pale kama nimepigwa na umeme. Ukimtoa Koplo, nyumba kumi na tano! Mara tano kwa siku! Na hakuna hata jani moja linalofaidi!

Nimechora upya. Hakuna benchi. Kuna mawe ya kukalia kutawadha, pembeni, kivulini, na kila jawe lina kifereji chake kinachokwenda kwenye shina la mti. Mlimao, mpera, mhina, mwarobaini. Swali moja ndilo lililonikaa rohoni, je inafaa? Nimemuuliza mume wa jirani yangu Shamis, ambaye ni maalim wa chuo cha Kurani. Amesema maji ya udhu ni safi, mti nao ni kiumbe wa Mungu, mwagilia mwanangu. Alhamdulillahi!

Jumanne, 14 Machi

Tulipanda jana jioni, watu wanane tukisaidiana. Leo asubuhi mbuzi amekula miche mitatu kati ya minne. Mlimao pekee ndio umepona, nadhani kwa miiba yake. Nimelia. Kweli nimelia, kwa ajili ya mpera wa futi moja!

Ayeeyo Lul alitoka akanikuta. Nilitegemea ataleta ile hadithi ya maziwa. Wapi! Alikwenda zake, akarudi na mzigo wa matawi ya miiba, akaanza kuyapanga kuzunguka mlimao, mwiba ndani ya mwiba, kama boma la mifugo. Kwetu, akasema, boma ni la kufungia mbuzi. Wewe sasa funga mti ndani, mbuzi akae nje. "Mti iko mtoto. Naweza lala nje, mtoto?"

Miche mingine nimeiomba kwa mkulima wa kule mtoni. Maboma manne ya miiba yamesimama. Mbuzi anayazunguka na hasira zake.

Jumapili, 19 Machi

Mawe yamekaa. Vifereji vinapitisha. Watoto wamekatazwa kuruka miiba, kwa hiyo wanairuka. Nimebakiwa na rangi nyekundu ya mlango na kibao kizuri, nikasema bustani haina budi kuwa na jina. Sikutaka Kiswahili kitupu. Hapa sisi Wasomali tuliozaliwa Mombasa wanatuita "Sijui", maana tukisemeshwa Kisomali jibu letu ndilo hilo. Nikamuuliza Shamis bustani waiitaje. Beer, akasema, unavuta hiyo e, bee-r. Tena ini pia ni beer, usije ukaomba bustani kwa bucha! Tumecheka.

Nimeandika kwa herufi kubwa: BEER YA WOTE. Nimekipigilia kibao ukutani, juu ya jawe la kwanza, kinaonekana mpaka barabarani. Naona fahari, acha tu.

Jumatatu, 20 Machi

Lo! Lo! Lo!

Koplo Nzioka amenisimamisha ngazini saa kumi na mbili asubuhi, uso wote meno. "Dada Hani, itakuwa baridi ama moto?" Nini baridi? "Bia!" Akanionyesha kibao. Alikuwa na wenzake wawili wa kambini, na mmoja amebeba glasi yake.

Jamani macho yangu yalikuwa wapi? Nilikuwa nasoma Kisomali tu! Bia ya wote, kando ya mahali pa kutawadha! Ardhi ipasuke niingie.

Alhamisi, 23 Machi

Mji mzima unajua. Sokoni wanasema Haji Abdisamad, aliyehiji mara mbili, amefungua baa kwenye ploti yake. Jana wazee wawili walimuuliza mbele za watu. Shamis anasema Haji aliita dereva wa lori palepale. Kesho anakuja mwenyewe.

Nimechukua tindo na tapentaini nikafute. Nani amekaa chini ya kibao, mgongo ukutani, bakora magotini? Ayeeyo Lul! Hataki. Neno ni letu, anasema, lilikuwako kabla ya chupa zao. "Bolisi nasikia kiu, mimi nafuta lugha yangu? Wallahi hapana!"

Nimembembeleza. Nimemwambia Ayeeyo, kibao kikibaki bustani itaondoka. Akaniambia hapana, mtu akifuta neno lake leo, kesho atafuta na mti. Huyu ndiye aliyetaka mbuzi ale yote! Nampenda, na ataniua.

Ijumaa, 24 Machi

Nimetoroka ofisi tangu saa saba. Naandika dirishani.

Lori limefika. Kokoto tele, injini inanguruma, pua yake imeingia uwanjani. Haji ameshuka na wale wazee wawili. Amekitazama kibao. Ayeeyo hakuinuka. Amemsemesha Kisomali kirefu, bakora inapiga chini, mimi nimeokota "beer" mara tatu tu. Haji hacheki.

Koplo anachungulia kutoka baraza la juu.

Adhana ya alasiri! Haji anatazama huku na huku. Ayeeyo anamsukumia kibirika chake. Amekaa! Amekaa kwenye jawe la kwanza, chini ya kibao! Wazee wamesimama tu.

Mikono. Uso. Mikono mpaka viwiko. Maji yameingia kwenye kifereji, yanakwenda, mbuzi anayafuata kwa macho, yamefika kwenye boma la mlimao. Mguu wa kulia. Haji ameinama, anatazama yanakokwenda. Amesita, kibirika hewani.

Dereva amepiga honi. Haji ameinua mkono mmoja bila kugeuka. Ngoja, au ingia? Dereva naye hajui, ametoa kichwa nje.

Mguu wa kushoto bado.