Inchi Tatu za Cyril

West Mersea, Essex
11 Juni 1957

Mpendwa dada Enid,

Natumai hujambo huko Fremantle, wewe na shemeji Ralph na watoto, na lile goti limepoa. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Kaka Cyril amezidiwa. Mapafu yamechoka, na daktari anasema Oktoba hataiona. Kilichokuwa kikimwinua kitandani ni mashindano ya Agosti, ya katamarani, zile mashua za miili miwili za mchoro wake, aiendeshe ile ya kwanza mara moja ya mwisho. Hayo nimemnyang'anya mimi, na afadhali uyasikie kwangu.

Unakumbuka tulivyofunga vitumbwi viwili vya turubai kwa mbao, na watu walivyotucheka? Baadaye akachora miili miwili myembamba ya plaiwudi, ya mviringo chini, na boriti za kuiunganisha. Mchoro ulisema upana futi saba na inchi sita. Mlango wa banda la baba ulikuwa mwembamba kuliko hapo, tukapunguza boriti inchi tatu. Cyril akasema tutazirudisha siku moja. Mashua ikawaacha wote mbali, na habari ya inchi ikaishia hapo.

Mwaka jana ilipofanywa daraja rasmi la mashindano, yaani kila mashua iwe na vipimo vilevile, sheria niliandika mimi. Nilinakili mchoro, mashua sikuipima. Mjinga gani mimi, Enid! Sasa zimeundwa arobaini kwa mchoro ule, na mpimaji waliyemchagua ni mimi.

Jumamosi nilimpimia mashua yake. Tulimkalisha nje kwenye kiti cha jikoni, na blanketi magotini. Nikapima mara tatu, na kila mara zikapungua inchi tatu. Bwana Pargeter, mwenyekiti wa chama chetu cha mashua, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Sheria umeandika mwenyewe, Wilf," akasema. "Nikimpitisha yeye, kesho kila mtu ataniletea ya kwake."

Cyril akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Watoto arobaini, na wote wamemkana mama yao," akasema. Kisha akanigeukia: "Tia saini, bwana mdogo. Usinitie aibu mbele za watu."

Nikatia saini kwamba haifai.

Nilitaka kubadilisha boriti, akakataa. Alisema gundi imekufa, ukichomoa skrubu moja tu yote inaachia. Nilikwenda kujaribu peke yangu kwa ncha ya kisu. Ni kweli, mbao zilifunguka kama kurasa.

Tangu siku hiyo hainuki. Mke wake Hilda akimletea supu, anageukia ukutani. Hanilaumu, na hilo ndilo linaloniua.

Uliandika kwamba utakata tiketi ya kufika Septemba. Kama unakuja kuniona mimi, njoo Septemba. Kama ni yeye, meli ni wiki nne, na kwa ninavyomwona, hata ukipanda leo hutamkuta.

Hilda anakusalimu. Msalimie Ralph, na uwabusu Peggy na Colin kwa niaba yangu. Mungu awalinde huko mliko, nasi atupe nguvu.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Wilf