Shuka Zangu Zinaonekana Kutoka Tao

Mueni dadangu, sasa?

Nakuandikia kadi hii nikiwa juu ya jumba refu hapa tao, katikati ya jiji, mahali watu hupanda kuangalia Nairobi ile ile wanayoishi. Baba Kioko ametuvalisha sote nguo za kanisa. Watoto wanatafuta simba upande wa mbuga. Mimi natafuta paa letu kule mtaani Kianda, kwa sababu wingu jeusi limesimama huko na shuka zangu zote ziko kwa kamba.

Nikalipata: mabati yenye turubai la bluu na tairi juu yake. Nikamwonyesha soja anayelinda hapa. Akacheka. "Mama, hiyo ni Kawangware. Hiyo ni nyumba yangu, mimi huiangalia kila siku nikiwa kazini." Tukabishana mpaka mgeni mmoja akatuazima darubini yake. Soja akaangalia, akaona shuka zangu za maua zikipepea. Kisha akaniuliza polepole, "Kwa hivyo miaka hii yote nimekuwa nikichunga nyumba yenu?"

Nikamshukuru. Lakini yeye hawezi kuanua nguo kutoka huku, na wewe uko hapo hapo Kianda, karibu na kamba. Nimekupigia mara tano, simu umezima.

Kadi hii nitakuletea mwenyewe jioni, kwa hivyo ukiisoma jua nimesimama mlangoni. Nakupenda sana. Nimekuwekea paja la kuku kwa mkoba, ila nitapapasa shuka kwanza kabla sijalitoa.

Dadako, Ndunge