Utando Kwenye Kisigino cha Mama

Jumatatu, 10 Novemba

Mguu wa Mama utakatwa chini ya goti Ijumaa, 28 Novemba, utando wa bakteria ukirudi na kuendelea kuelekea mfupani. Kasema Dk. Kemilembe, daktari wa vidonda, mbele ya Mama mwenyewe. Nimeshukuru kwamba hakuzungukazunguka.

Habari kwa ufupi. Mama ana sukari. Alikanyaga kisiki cha mbuni kwenye kibanja chake cha kahawa kijijini Izigo, hakusikia maumivu, akaendelea kupalilia. Sasa ni kidonda ndugu. Vidonge vya kuua bakteria amemeza hadi amechoka.

Daktari alieleza vizuri. Bakteria hawa hawatembei mmoja mmoja. Wamejijengea utando wa utelezi na kujificha ndani yake. Akamwuliza Mama kama amewahi kupitisha mkono ndani ya simtanki la maji ya mvua. Mama akasema ule utelezi hautoki kwa maji matupu, lazima usugue. "Basi ndivyo kisigino chako kilivyo," daktari akasema.

Leo wamekwangua. Kisha wakaloweka kidonda kwa dawa ya polima, minyororo mirefu ya molekuli inayonata kwenye ngozi ya bakteria na kuichana. Juu wakafunga shashi yenye dawa hiyohiyo. Polima haipenyi vizuri utando wa zamani. Kazi yake kubwa ni kuzuia mpya usijijenge baada ya kukwangua. Ndiyo maana bandeji ifunguliwe kliniki tu.

Nimemrudisha Mama Izigo, nimerudi kwangu Miembeni, Bukoba mjini. Nina hofu. Niliandika habari ya gazeti ya bei ya kahawa bila kuisoma mara ya pili.

Alhamisi, 13 Novemba

Bukoba, kubadilisha bandeji. Nyama imeanza kuwa nyekundu. Daktari ameridhika. Mimi bado.

Jumatatu, 17 Novemba

Mbaya. Harufu imerudi. Utando juu ya kidonda, wa kijivu, unateleza. Wamekwangua upya. Mama aliangalia ukutani muda wote.

Dk. Kemilembe aliniuliza kando kama dawa ilikaa bila bandeji kufunguliwa. Nikasema ilikaa. Sikuwa na ushahidi. Mwandishi hasemi hivyo.

Jumanne, 18 Novemba

Nilikuwa na mkutano wa wakulima Muleba mjini. Baadaye nikapita Izigo bila kumwambia Mama.

Nikakuta wageni sebuleni, wamekaa kwenye nyasi mpya zilizotandikwa kwa ajili yao. Mama katikati, mguu juu ya mto, bandeji imefunguliwa. Ma Adela, jirani na mwenzake wa kwaya ya Walutheri, alikuwa amepasua kidonge cha rangi mbili, dawa ya bakteria ya dukani, ananyunyizia unga kwenye kisigino.

Nikasema acheni.

"Mwandishi amekuja," Ma Adela akasema. "Jamani, ficheni siri za kijiji."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikauliza bandeji imefunguliwa mara ngapi. Mama akajibu, "Kila anayekuja kunipa pole, mwanangu. Mtu ametoka Kanazi kwa miguu yake, nimwambie kidonda kipo, aniamini tu? Nisipoonyesha watasema nimerogwa, au wewe unanificha."

Kwa hiyo dawa haikushindwa. Haikuachwa ifanye kazi. Nilikasirika, kisha nikasikia nafuu kubwa. Ya pili nimeificha. Na unga wa rangi mbili unakaa juu ya utando kama vumbi juu ya simtanki.

Mama hatawafukuza wageni. Nisijidanganye.

Alhamisi, 20 Novemba

Kliniki nilieleza yote. Dk. Kemilembe hakugomba. Alimwambia Mama kwamba kila bandeji inapofunguliwa nyumbani, bakteria wanapewa nafasi ya kujenga upya. Mama akasema amesikia, lakini wageni watakuja Jumapili baada ya ibada.

Baada ya kukwangua, kabla ya shashi mpya, nikapiga picha ya kisigino. Karibu, mwanga mzuri. Nikaisafisha kubwa kwenye studio Miembeni. Nikampa Mama: anayetaka kuona, aone hii.

Ameiangalia muda mrefu. "Umepiga na kucha zangu." Nikamwambia habari ni kidonda. Akasema wageni wataangalia kucha.

Jumapili, 23 Novemba

Nimeshinda Izigo makusudi. Picha imepita mikono mingi. Ma Adela aliipeleka hadi kwenye mwanga wa dirisha, akasema ni halisi, anakijua kisigino hicho. Akaomba kuona na mguu wenyewe. Mama akamwambia, "Soma gazeti, Adela, usiende kumsumbua mwandishi."

Bandeji haikuguswa. Niliiona kwa macho yangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Hakuna harufu. Utando mwembamba pembeni tu, umetoka kwa kufuta. Sithubutu kuandika zaidi.

Alhamisi, 27 Novemba

Eksirei: mfupa ni mzima. Dk. Kemilembe amefuta upasuaji wa kesho. Alisema kwa sauti ileile aliyotumia kuupanga.

Mama aliuliza kama atapata chai sasa, maana alifunga tangu asubuhi kwa kudhani vipimo vinataka njaa. Havikutaka. Na mtu wa sukari hafungi hivyo. Nikampeleka kula ndizi na maharage.

Alhamisi, 4 Desemba

Kidonda kimepungua. Picha sasa ziko tatu. Wageni wanazipanga na kubishana ipi imetangulia. Ma Adela ndiye mwamuzi. Rangi mbili haitajwi tena.

Jumatatu, 8 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nyama nyekundu, safi, kingo zinasogeleana. Daktari anasema itachukua muda, na sukari ishuke. Kutembea kibanjani bado. Mama amekubali bila ubishi, jambo geni.

Njiani alilala. Pale Izigo nilimwamsha, nikamshika mkono hadi mlangoni. Akaingia kwa miguu miwili.

Bandeji inabadilishwa tena Alhamisi, 11 Desemba, asubuhi.