Maina, Mtandao Hukuufunga Wewe

Kaka yangu mdogo Maina,

Simu zangu huchukui, kwa hivyo nakuandikia hapa mbele ya watu wote. Labda mtu huko Isiolo atakuonyesha.

Nakumbuka siku uliyoniletea laptopu yako. Mtoto alikuwa na miezi miwili. Kwa sababu amebeba jina la baba yetu, ulivua kofia ukamwambia, "Mzee, mruhusu mama yako atumie hii mashine." Nilicheka mpaka akaamka. Uliiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kompyuta, kwa kuwa ilikuwa imezeeka, ukanifundisha kuandika amri kwenye ile skrini nyeusi huku nikinyonyesha. "Usiogope, haiumi." Ndivyo nilivyopata kazi ya kuchapa mazungumzo yaliyorekodiwa, nikiwa hapa hapa nyumbani Skuta, bila kumwachia mtu mtoto.

Halafu ukaiomba siku mbili tu, ufanyiwe usaili wa kazi kwa mtandao. Nilikataa. Nilisema niko na kazi ya watu.

Kesho yake mtandao haukuwepo kabisa. Nikakupigia nikiwaka. "Umenifungia kwa sababu nimekunyima."

"Ati nini? Hebu andika rfkill list, tuone Wi-Fi imefungwa wapi, unisomee."

Niliandika. Mstari wa kwanza ulisema hakuna kufuli la programu. Nikakusomea huo.

"Soma yote, dada."

Mtoto alikuwa analia, na sikusoma. Nilisema, "Baba angekuwa hai angekuonea aibu." Kisha ukasema, "Sawa," ukakata.

Wiki nzima ilipita kabla sijairudia amri ile. Mstari wa pili ulisema kufuli ni la mashine yenyewe. Nikaikagua pande zote, nikaona kiswichi kidogo ubavuni. Siku moja kabla ya ugomvi wetu uji ulimwagika hapo, nikapangusa na kitambaa, nikakisukuma bila kujua. Nilikirudisha kwa ukucha tu. Mitandao ya majirani ikajipanga kwenye skrini, na sikusikia furaha yoyote. Siku ya usaili wako ilikuwa imeshapita. Nilipokupigia, simu ilikuwa imezimwa; baadaye nikasikia umekwenda Isiolo.

Nimekukosea. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu hausemi maneno kama yale. Niliyasema mimi, na hayakuwa ya kweli. Baba hakuwahi kukuonea aibu hata siku moja.

Lakini Maina, hili nakwambia kama dada mkubwa: mama hakukukosea. Kila akija kutoka kijijini Wamagana anauliza kama umepiga. Sikuwa nimemwambia ni kwa nini uliondoka, niliogopa. Leo asubuhi nimemwambia yote. Nilidhani atanigombeza. Alikunja leso yake polepole, akasema tu, "Kwa hivyo hakunikasirikia mimi."

Mimi ninyamazie utakavyo. Yeye mpigie leo.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea.