Jina la Hayase

Nizwa, Jumamosi, 4 Oktoba 1986
Herufi za Kiarabu hazienei. Siku ya tatu sasa. Dukani nimepewa mchezo wa kompyuta kutoka Japani niugeuze Kiarabu, na kumbukumbu ya mashine ni finyu. Mgongo unauma.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimegundua kitu. Ukibonyeza vitufe vitatu pamoja, linatokea jina: HAYASE. Ndiye aliyeuandika mchezo. Kampuni yake hairuhusu majina, kwa hiyo alilificha ndani kabisa. Nimelifuta nipate nafasi.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefupisha maneno, nafasi imebaki. Ningeweza kulirudisha jina lake. Nimetia langu. Herufi sita kwa sita. Mzaha tu.

Sikufanya mzaha. Nilitaka.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimebonyeza vile vitufe nyumbani, Mama ameliona jina langu. Kaita majirani: "Njooni mtizame, mwanangu katengeza mchezo wa televisheni." Sikumsahihisha. Nimekula sifa mpaka nikavimbiwa. Kaseti za mchezo zimeshapelekwa kuuzwa Ibra na Sur.

Jumanne, 28 Oktoba
Tajiri wa duka anasema mgeni kutoka Japani anakuja kutizama mashine zetu. Jina lake Hayase.

Njia ya mwongo fupi. Sina hamu ya chakula.

Jumapili, 2 Novemba
Amefika. Mwembamba, mpole. Alivua viatu mlangoni mwa duka, tukamwambia hapana haja, akavua vilevile. Kwa Kiingereza cha kuokoteza akatueleza: miaka sita anaandika michezo, watu wanaicheza, hawamjui. Kisha akabonyeza vile vitufe vitatu. Alianza kutabasamu kabla jina halijatokea.

ZUWENA.

"Zuwena wetu huyu, mashallah," tajiri akamwambia, ananionyesha kwa mkono. Hayase akanitazama. Akaniinamia kwa heshima, kama mgeni kwa mwenye nyumba. Nami nikamimina kahawa. Nilimimina kahawa, basi. Najichukia.

Jumatatu, 3 Novemba
Asubuhi, kabla hajapanda gari ya Maskati, nimemwambia mbele ya tajiri. Kwamba nafasi ilikuwapo. Kwamba nilitaka jina liwe langu. Tajiri kanuna, hajasema nami tangu hapo. Mama nitamwambia leo.

Hayase akatoa karatasi, akaniomba nimwandikie jina lake kwa Kiarabu. Nimeandika polepole. Yeye hajui hata alifu.

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Hakumwuliza mtu kama ni jina lake kweli.