Leo Mama Mdogo Ameliliwa Akiwa Hai

Mikumi, Jumamosi jioni. Mvua imekatika, hewa inanukia udongo, na mimi siwezi kutulia kitini.

Shajara yangu, ngoja nianze polepole, maana furaha inanikimbiza.

Tangu Mama afariki kwa saratani ya shingo ya kizazi, kule kwetu Magomeni, Kilosa, ninaishi huku na mdogo wake. Mama alichelewa kupimwa. Alisema ni uchovu wa shamba, baadaye akasema ni umri. Alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Kwa hiyo niliposikia kwamba leo wanawake watapimwa bure kwenye kituo cha afya, nilimuwaza mtu mmoja tu.

Mama mdogo hakutaka hata kusikia.

Kwanza alisema haumwi. Kisha akasema ataona aibu. Juzi nilipomwomba tena, aliacha kusukuma chapati. "Wakiona kitu je? Dada yangu nilimuuguza mimi, nayajua yale maumivu." Nikaelewa kwamba anaogopa. Nimefundishwa kutobishana na mkubwa.

Lakini sikuacha kufikiri. Nikamkumbuka Mama Chiku, muuza nyanya wa jirani. Ukoo wetu, wa kutoka Mamboya, na wake ni watani. Siku ya mazishi ya Mama alijifunga kanga ya marehemu, akaigiza mwendo wake hadi waombolezaji wakacheka huku wanalia. Mtani husema lolote, na hakasirikiwi kwa kulisema.

Leo asubuhi nilimwamkia, nikamweleza yote. Alinitazama kidogo. "Nenda kaoshe vikombe. Niachie mimi."

Mgahawa wetu ulikuwa umejaa madereva wa malori alipoingia, mikono kichwani.

"Debora wee! Umeniacha na nani, Debora?"

Madereva waliacha kutafuna.

"Una wazimu?" Mama mdogo akashangaa. "Si mimi huyu hapa?"

"Nakulilia mapema, mtani. Hutaki kupimwa, na siku ya kufa kwako huenda nikawa shambani." Akavuta kitenge alichojitanda mama mdogo. "Hiki narithi mimi. Na nyie kunyweni chai, leo bure, marehemu kasema!"

"Bure ya nani? Nyie, lipeni!"

"Pole na msiba wako, mama," dereva mmoja akamwambia mama mdogo kwa heshima zote.

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa juu ya kreti la soda. Kisha kicheko kikageuka machozi, na Mama Chiku akamshika bega. Baada ya muda mama mdogo akavua aproni.

"Twende, mchawi mkubwa wewe."

Kituoni Mama Chiku alitaka kubaki kwenye benchi. Eti yeye msindikizaji tu. Mama mdogo naye akashika kichwa: "Mama Chiku wee! Nyanya zako atauza nani?" Benchi zima lilivunjika mbavu. Akaingia huku ananung'unika.

Alitoka mapema, salama kabisa.

Mama mdogo aliingia, akakawia.

Niliutazama ule mlango hadi macho yakauma. Nilianza kujilaumu kwa kumpeleka mahali anapopaogopa. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu.

"Wameona kidoa," alisema. "Si saratani. Muuguzi anasema kingeachwa kingeweza kuja kuwa saratani. Wamekitibu hapo hapo, nitarudi kuangaliwa."

Wamekiwahi!

Nilimrukia mbele za watu kama mtoto wa chekechea. Sijui nilicheka au nililia. Nilijua tu kwamba safari hii hatukuchelewa.

Sasa hivi yuko jikoni anakoroga uji na kupanga mipango. Jumapili ijayo anataka tupande Mamboya, aongee na wanawake baada ya ibada. Wengi wao wanaogopa kama yeye, na anasema hawatamsikiliza muuguzi kama watakavyomsikiliza mtu waliyemwona akikua. Ameniomba nisimame naye nisimulie habari za Mama. Mimi, ambaye hutetemeka hata nikijibu swali darasani!

Nimekubali.

Mama, wewe sikuweza kukusaidia. Nitasimama Jumapili, na nitalitaja jina lako kwa sauti.